Mwanangu mwenyewe hasomi sawasawa, leo skuli wamemwambia asomeshe wadogo. Naombeni ushauri

Mama Mahamri, Kisauni · Jumatatu usiku

Masalkheri wana jukwaa. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili limenikaa kooni tangu mchana.

Kijana wangu yuko Gredi 6, skuli ya serikali huku kwetu Kisauni, Mombasa. Leo amerudi mbio, hata viatu hajavua, ananiambia, "Mama, mimi sasa ni mwalimu." Nikadhani ni mchezo wa watoto. Kumbe kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla ya vipindi kuanza, wakubwa wa Gredi 6 wataingia darasa la Gredi 2, kila mmoja na mdogo wake, wasome pamoja dakika ishirini. Yeye ameshapewa wake. Amepewa na daftari la kuandika wameishia ukurasa gani.

Sasa nawaambia ukweli. Kusoma kwa mwanangu ni kwa kukwama. Alipokuwa Gredi 3 watoto walikuwa wakimcheka akisimama kusoma, ikawa kila Jumatano anaamka anaumwa na tumbo, maana Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kusoma kwa sauti. Nimemlipia tuisheni kwa jirani miaka miwili. Amesogea, alhamdulillahi, lakini mpaka leo akifika kwenye neno refu anasimama, anameza mate, anarudi nyuma, ndipo analijaribu tena. Huyo ndiye wa kumsomesha mtoto wa mwenzangu? Mtu atampa mwenzake nini ambacho yeye hana?

Na kuna la pili. Mimi napika mahamri na mbaazi. Asubuhi yeye ndiye anayenipelekea kwenye maduka mawili kabla ya kwenda skuli. Siku hizo mbili itabidi atoke mapema, mahamri nipeleke mwenyewe na mdogo wake mgongoni. Ningeona faida nisingelalamika hata kidogo.

Kesho nataka kwenda kwa mwalimu mkuu. Niende, au nikae kimya?

Baba Magongo · Jumatatu usiku

Nenda dada, tena nenda mapema.

Binti yangu yuko Gredi 4 huku Changamwe, darasa lao wamepita sabini. Walimu hawatoshi, kila mtu analijua hilo. Sasa badala ya kuajiri, mzigo unashushwa kwenye mabega ya watoto. Leo ni dakika ishirini. Kesho mwalimu atakuwa ofisini na mwanao ndiye ameshika chaki. Mimi niko bandarini miaka kumi na tatu, na kwetu hakuna anayekabidhiwa mashine kabla hajafunzwa na kupimwa. Akili ya mtoto wa miaka saba ni kitu kidogo kuliko mashine?

Mwanafunzi ameenda skuli kusomeshwa. Kusomesha kuna wenyewe.

Mwalimu wa Gredi 2 · Jumanne asubuhi

Mama Mahamri, kabla hujafika kwa mwalimu mkuu, pitia kwa mwalimu wa Gredi 2 umuulize swali moja tu: kwa nini umemchagua mwanangu? Mimi si wa skuli hiyo, lakini jambo hili tumelifanya kwetu kwa mihula minne, na ninavyoona, mwenzangu hakumchagua kijana wako kwa bahati mbaya.

Nikupigie hesabu. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Nina watoto 58. Nikitaka kila mmoja anisomee, kila mmoja anapata kama nusu dakika, na hapo sijafundisha chochote, sijafuta ubao, sijaamua ugomvi wa penseli. Wenye sauti wananisomea. Wale walio nyuma wanajifunza kusogeza midomo pamoja na wenzao, unapita ukidhani wanasoma. Mtoto anaweza kumaliza muhula mzima akisogeza midomo.

Herufi nafundisha mimi. Silabi nafundisha mimi. Sauti ngumu, mb, nd, ny, ng, ng', chw, ndw, nafundisha mimi. Ninachokosa ni masikio. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu akae kando yake, amsikilize yeye peke yake, kila neno, bila haraka. Hiyo ndiyo kazi wanayopewa wakubwa. Wao ni wasikilizaji, na kazi hiyo ya kusikiliza, mtoto wa Gredi 6 anaiweza akionyeshwa.

Wa kwetu tuliwaonyesha siku tatu kabla hawajagusa mtoto wa mtu. Mnakaa ubavu kwa ubavu. Kukaa uso kwa uso ni kwa mtihani. Kitabu kiko kwa mdogo na kidole ni cha mdogo. Mwanzo mnasoma pamoja kwa sauti moja, na mdogo akijiona yuko tayari anakugusa mkono, wewe unanyamaza, yeye anaendelea peke yake. Akikwama, unahesabu moyoni mpaka tano. Mpaka tano! Hapo ndipo wote wanaposhindwa mwanzoni. Watoto wanaosoma vizuri hasa ndio hawawezi kungoja, neno linawachomoka kinywani kabla mdogo hajavuta pumzi. Ukifika tano na bado amekwama, unalitaja neno, yeye analirudia, mnaendelea. Hakuna "hata hili hujui?" Mwisho wa ukurasa unamuuliza swali moja la hadithi yenyewe, nani alipotea, kwa nini paka alikimbia, ili ujue ameelewa.

Hili la kuelewa nalitilia mkazo kwa sababu ya lugha yetu. Kiswahili kina vokali tano na silabi zake zinasomeka zilivyoandikwa. Mtoto akishazishika anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukosea, ukimuuliza hadithi inahusu nini, anakutazama. Kasuku naye anasema.

Sasa fikiria nani ana subira ya kuhesabu mpaka tano. Ni yule ambaye hakuna aliyemsubiri.

Mama Mahamri, Kisauni · Jumanne mchana

Mwalimu, hilo neno lako la mwisho nimelisoma mara tatu. Sijaenda bado. Leo nimepeleka mahamri mwenyewe, mvua ilinikuta njiani.

Mzee wa Kibokoni · Jumanne jioni

Assalam aleikum. Nami niseme langu, kwa kuwa naona jambo hili linazungumzwa kama kitu kipya.

Sisi tulisoma hivi hivi chuoni, pale tulipofunzwa Kurani. Maalim alikuwa mmoja, naye mtu mzima, na watoto tulikuwa hatupungui arubaini barazani pake. Hangeweza kutusikiliza sote. Aliyeingia juzi, hajui alifu kwa kijiti, alikabidhiwa kwa aliyemtangulia. Aliyefika kwenye juzuu alimsikiliza anayeunganisha herufi. Ukija mbele ya maalim, somo lako limeshapita kwa mkubwa wako mara tatu nne, maalim anaangalia tu limekaa au halikukaa. Na aibu ya kukosea mbele ya maalim haikuwa yako peke yako. Maalim alimwangalia na mkubwa wako.

Mimi mkubwa wangu alikuwa kijana wa nyumba ya pili. Hakuwa hodari. Alirudia somo moja mwaka mzima. Lakini alinisomesha taratibu, akinishika kidole changu akikipitisha chini ya mstari, na mpaka leo nina miaka sabini na nne, nikifungua msahafu kidole kinaenda chenyewe. Ametangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lakini nisifiche na ubaya wake. Wakubwa wengine walikuwa wakitupiga. Walikuwa wakitutuma maji, na ukikataa, kesho somo lako halisikilizwi. Maalim akijua alikasirika, lakini hakuwa na macho ya kila pembe. Kwa hivyo Baba Magongo asidharauliwe. Anayosema yana asili.

Msomaji wa Tudor · Jumanne usiku

Mzee wangu umenikumbusha kitu. Mpango huu huu ulitoka Bahari Hindi ukaenda Uingereza. Miaka ya 1790 kulikuwa na kasisi Mskoti, Andrew Bell, aliyesimamia skuli ya mayatima wa wanajeshi huko Madras, India. Aliwaona watoto wa kienyeji wakijifunza herufi kwa kuandika na kidole mchangani. Akawaweka wakubwa wa skuli yake wawasomeshe wadogo kwa mtindo huo, na mwaka 1797 akachapisha ripoti yake London. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua skuli ya namna hiyo London, na mtindo ukaenea nchi nyingi.

Ila mwisho wake unampa nguvu Baba Magongo. Watu walichoupendea mpango ule ni urahisi wa gharama. Mwalimu mmoja, ukumbi mmoja, watoto mamia, na viranja wanapaza sauti wakikaririsha. Watoto walikariri, kuelewa kukawa kidogo, na hatimaye nchi hizo zilirudi kwenye walimu waliosomea kazi.

Upande wa pili, mwaka 1982 watafiti watatu wa Marekani, Cohen na akina Kulik wawili, walikusanya tafiti 65 za skuli ambazo wanafunzi husomesha wanafunzi. Waliosomeshwa walifanya vizuri kuliko wenzao wasiosomeshwa. Na waliosomesha nao walipanda katika somo lile lile. Matokeo yalikuwa makubwa zaidi pale mpango ulipokuwa na utaratibu ulio wazi na muda mfupi. Nisizidishe chumvi: kwenye hesabu faida ilikuwa kubwa kuliko kwenye kusoma. Lakini na kusoma ilikuwepo.

Kwa hiyo Mama, swali lako "atampa nini ambacho yeye hana" lina jibu la ajabu kidogo. Anakipata akiwa anakitoa.

Baba Magongo · Jumanne usiku

Ahsante Msomaji. Kwa hiyo nilichosema kiliwahi kutokea. Serikali iliona ni rahisi, ikasahau walimu. Nani anatuhakikishia sisi hatutapita njia ile ile?

Mwalimu wa Gredi 2 · Jumatano asubuhi

Hakuna wa kukuhakikishia isipokuwa mzazi anayeuliza kama wewe. Mimi mwenyewe nikiambiwa kesho kwamba kwa vile wakubwa wanasaidia, darasa langu liongezwe watoto ishirini, nitakataa mbele ya kila mtu. Dakika ishirini za kusikilizwa ni nyongeza juu ya somo langu. Siku dakika hizo zitakapochukua mahali pa somo langu, zizuiwe.

Kijana wa Feri · Jumatano mchana

Mimi nilikuwa kama huyo kijana wako, Mama.

Nilisomea upande wa Likoni. Nilikuwa darasa la sita na nilikuwa nikiogopa kitabu kuliko bakora. Mwalimu wa Kiswahili akanipa mtoto wa darasa la kwanza. Nilimchukia yule mwalimu siku ile, nilijua anataka nichekwe mpaka na wadogo.

Usiku nikachukua kile kitabu cha mtoto nyumbani, nikakisoma peke yangu. Kisha nikakirudia. Nilikuwa sijawahi kurudia kitabu maishani mwangu. Kilikuwa kitabu cha kitoto, maneno manne matano kila ukurasa, lakini kwa sababu nilikuwa na kazi nacho sikuona haya kukisoma. Ungenipa kitabu hicho uniambie "soma, hiki ndicho kiwango chako," ningekitupa baharini. Mwalimu alinipa kitabu cha kiwango changu bila kunivunjia heshima. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, niko kwenye feri, nasoma lile bango la maonyo mstari kwa mstari kama kila siku.

Lakini nina jambo la kusema ambalo sijawahi kulisema. Wiki ya tatu yule mtoto alikwama kwenye neno moja, "ng'ombe", mara ya nne mara ya tano. Nikampiga konzi. Si kubwa, lakini konzi. Hakulia. Alinyamaza tu, na kutoka siku hiyo alikuwa akisoma akinitazama mkono wangu. Mwalimu aligundua kwa kumtazama mtoto tu. Akaniondoa wiki mbili, na aliponirudisha aliniweka dawati la mbele, karibu naye. Nilimwomba yule mtoto msamaha. Alinisamehe upesi kama watoto wanavyosamehe, lakini mimi konzi lile nalikumbuka mpaka leo.

Hivyo waambieni wakubwa mapema. Msingoje mpaka itokee.

Mama wa Gredi 1, Mtongwe · Jumatano jioni

Ahsante ndugu yangu kwa kusema kweli. Mimi niko upande wa wenye watoto wadogo, na nina hofu yangu. Binti yangu ana miaka sita. Akikabidhiwa kijana mkubwa, wanakaa wapi? Nani anawaona? Nisamehewe nikiuliza, lakini zama hizi mzazi lazima aulize.

Mwalimu wa Gredi 2 · Jumatano usiku

Hakuna cha kusamehewa, mama. Ulizeni hivyo hivyo skuli zote.

Kwetu ni darasa moja, wote humo humo, mlango wazi, mimi natembea katikati ya madawati. Hakuna kwenda chini ya mwembe, hakuna nyuma ya madarasa, hakuna "njoo nikumalizie wakati wa mapumziko". Mkubwa hamtumi mdogo kitu, wala hampi zawadi. Ya mkono anayoisema Kijana wa Feri ni marufuku, na marufuku hiyo haikutoka kwangu: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa akili, na ikiwa mimi mwalimu siruhusiwi, mtoto wa miaka kumi na mbili ataruhusiwa vipi? Mdogo akisema hamtaki mkubwa wake, anabadilishiwa siku hiyo hiyo, na hatumsumbui kwa maswali mbele ya watu.

Siku ambayo siko, hakuna kusoma pamoja. Wakubwa wanalalamika, lakini ndivyo ilivyo.

Nyanya Bondeni · Alhamisi asubuhi

Sabalkheri wanangu. Mjukuu wangu ananiandikia haya maana mato yangu hayaoni vyema kwenye simu.

Mjukuu wangu mdogo alisikilizwa na msichana mmoja, mzuri, mwenye adabu, wazazi wake watu wa bara. Pameandikwa "macho", mtoto kasoma "mato". Msichana kamwambia kosa. Pameandikwa "njia", kasoma "ndia". Kosa. "Njaa", kasoma "ndaa". Kosa tena. Mtoto karudi nyumbani kaniuliza, "Nyanya, kwani sisi hatujui Kiswahili?" Moyo uliniuma. Sisi, Wamvita, hatujui Kiswahili!

Yule msichana simlaumu. Hakuambiwa. Lakini mtoto anayeona "macho" akasema "mato" ameshasoma, tena ameelewa, mpaka amelitia kwenye kinywa cha kwao.

Mzee wa Kibokoni · Alhamisi asubuhi

Bibi umesema neno. Mtele na mchele ni punje moja.

Mwalimu wa Gredi 2 · Alhamisi usiku

Nyanya, shukrani sana. Nimekaa na maneno yako kutwa nzima, kwa sababu nami nimewahi kutia alama ya kosa hapo hapo.

Leo nimewaambia wakubwa wa darasa langu hivi: mdogo akisoma "mato", mwambie, "Ndiyo, ndiyo haya haya. Nyumbani mwasema mato, na hapa kitabuni pameandikwa ma-cho. Isome ya kitabu." Kisha songa. Lazima aione ch, maana kesho ataiandika, lakini asitoke hapo akidhani nyumba yao ina makosa. Kosa la kweli ni akisoma "moto". Hapo amebahatisha kwa herufi ya kwanza, na hapo ndipo pa kusimama, mkafunika neno kwa kidole mkalifungua silabi moja moja.

Msichana mmoja mkubwa, mama yake mtu wa Mji wa Kale, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hata mimi nilikuwa nikiambiwa hivyo." Yuko Gredi 6. Amelibeba miaka yote hiyo.

Msomaji wa Tudor · Ijumaa mchana

Swali la vitabu. Wanasoma nini? Tusome, ule mpango wa serikali wa kufundisha watoto kusoma, ulipoanza 2015 kila mtoto wa madarasa ya chini alipata kitabu chake, lakini vitabu vinachakaa, na skuli nyingine nimeona vimefungiwa kabatini visichafuke.

Kijana wa Feri · Ijumaa mchana

Kitabu kisichochafuka hakijasomwa.

Mwalimu wa Gredi 2 · Ijumaa usiku

Tunavyo vya Tusome, vimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Kuna na hadithi za African Storybook kwenye intaneti, ni za bure, zipo za Kiswahili, nazichapisha chache chache nikipata wino. Lakini vinavyogombaniwa ni vile wanavyotengeneza wakubwa wenyewe. Karatasi mbili zilizokunjwa, kurasa nane, mdogo anasimulia, mkubwa anaandika, mdogo anachora. Mmoja unaitwa "Tuktuk ya Baba". Mwingine ni wa paka aliyevuka feri bila kulipa. Mtoto akisoma maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, hayamkatai.

Mama Mahamri, Kisauni · Jumamosi usiku

Nimerudi. Nimewasoma wote, mkubwa kwa mdogo, Mwenyezi Mungu awalipe.

Jana nilikwenda. Sikwenda kwa mwalimu mkuu, nilikwenda kwa mwalimu wa Gredi 2 kama nilivyoelekezwa, nikamuuliza swali lile lile nililopewa hapa. Akaniangalia kidogo, akasema, "Mama, huyu mdogo niliyempa mwanao haongei darasani. Hodari wangu wawili nimeshawajaribu, wanamkimbiza. Mwanao alikaa naye siku ya kwanza dakika ishirini nzima, wakasoma kurasa mbili tu, na mtoto alitoka anacheka." Akasema pia anajua mwanangu anakwama. Kwa hivyo kila Jumatatu na Jumatano anampa kitabu cha kesho yake aende nacho nyumbani akisome kwanza. Nami nilikuwa nakiona kile kitabu mezani, nikadhani amekiokota.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi mzazi. Alikubali kuwa alikosea, walituma ujumbe kwa kikundi cha WhatsApp cha wazazi na mimi simu yangu ile ilikuwa imeharibika. Tumeelewana.

Leo jioni nilikuwa nakanda unga. Akaja akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akaniambia, "Mama, wewe uwe yule mdogo. Kwama." Nikamuuliza nikwame wapi? Akasema popote. Nikakwama kwenye "wanakimbizana". Akanyamaza. Nikamwona anahesabu, midomo inacheza. Alipofika tano akafunika neno kwa kidole, akafungua: wa. Na. Ki. Mbi. Za. Na. Na yeye mwenyewe hakukwama.

Nilijifanya moshi wa mafuta umeniingia machoni.

Nyanya Bondeni · Jumapili asubuhi

Mwanangu, lia tu.

Baba Magongo · Jumapili mchana

Dada, nimefurahi kwa ajili yako, wallahi. Nilisema kwa ukali siku ile ya kwanza na sehemu ya niliyosema naishikilia. Walimu waajiriwe. Hilo sitolirudisha nyuma. Lakini nilikuwa nikipinga kitu ambacho sikuwa nimekiona. Huku kwetu hakuna mpango kama huo, na binti yangu wa Gredi 4 juzi nimempa anisomee, nikagundua anasogeza midomo. Sabini na kitu darasani, nani angemgundua?

Nauliza. Mtu mzima anaweza kufanya hii kazi ya kusikiliza, au ni ya watoto tu?

Mwalimu wa Gredi 2 · Jumapili jioni

Anaweza, na nyumbani anza usiku huu. Dakika kumi, kitabu kiwe rahisi kuliko unavyodhani anastahili, ukahesabu mpaka tano. Skulini pia mtu mzima akikubaliwa na mwalimu mkuu anaweza kukaa darasani, hata kwa kuwatazama tu wakubwa wasipotoke. Mimi peke yangu na jozi zote hizo macho hayanitoshi.

Mama Mahamri, Kisauni · wiki sita baadaye

Nimeona nirudi niwape habari, maana mnaniuliza kwenye nyuzi nyingine.

Yale ya kufurahisha mengi. Kijana anajinyanyua mwenyewe Jumanne na Alhamisi. Jumatano tumbo haliumi. Yule mdogo anayemsikiliza bado anakwama kwenye ng' na kwenye maneno yanayoanza na m peke yake, "mto", "mgeni", anataka kutia vokali katikati, lakini amemaliza vitabu vitatu, na wiki iliyopita aliomba mwenyewe kusoma mbele ya darasa. Sentensi mbili. Mwanangu alinisimulia zile sentensi mbili njia nzima.

Lisilofurahisha: wiki ya nne mdogo hakuja siku mbili mfululizo, na mwanangu alirudi amenuna, akasema pengine amechoka kusoma naye. Sikujua nimwambie nini. Kumbe mtoto alikuwa na homa. Aliporudi walianza nyuma kurasa tano. Nadhani mwalimu angewaambia wakubwa mapema kwamba mtoto akikosekana si wao waliokosea. Wanalibeba.

Mahamri napeleka mwenyewe siku hizo mbili. Mwenye duka la pili sasa ananipokea barabarani nisipande ngazi.

Baba Magongo · usiku huo huo

Dada, nami nina habari. Nimekwenda kwa mwalimu wa Gredi 2 skuli ya binti yangu, nikamweleza yote haya, na mwalimu mkuu amekubali tujaribu muhula huu na watoto kumi. Sharti lake ni wapatikane watu wazima wawili wa kukaa darasani, wanaojulikana, kila Jumanne na Alhamisi. Mimi natoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, napitia hapo kabla ya kwenda kulala. Nahitaji mmoja zaidi. Nani yuko upande wa Changamwe?

Kijana wa Feri · usiku huo huo

Nilihamia Mikindani mwaka jana. Niambie saa ngapi.

Baba Magongo · usiku huo huo

Saa moja na robo, langoni. Wanaanza moja na nusu.